Kuwatisha Watoto kwa Mzaha

Alhamdulillahi Rabbil-aalamin, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baad.

Ndugu zetu, tumeletewa suala na mzazi mmoja wa Burat, katika Isiolo, nasi tumeona si lake peke yake. Kwa hivyo twalijibu mbele yenu nyote.

Asema kuwa mtoto wake wa miaka saba alirudi kutoka shule na agizo: apeleke shuka jeupe tarehe 31 Oktoba. Darasa litapambwa kwa popo na buibui za karatasi, na mafuvu, na boga lililochongwa uso. Na watoto watavaa kama mizuka na wachawi, watishane kisha wacheke. Hapana shaka mwalimu hakukusudia ubaya. Alitaka watoto wafurahi na wazoee maneno ya Kiingereza. Lakini mtoto yule alipata kuona nguo nyeupe ya namna hiyo mara moja tu, nayo ni siku alipokafiniwa babu yake. Tangu agizo hilo hakubali kulala peke yake, na usiku humwuliza mamake: "Je, babu naye atarudi hivyo?"

Mzazi auliza afanye nini. Kisha akaongeza neno ambalo wengi wetu tungeona tabu kuliandika. Asema kuwa yeye mwenyewe, mtoto akikataa kulala, humwambia zimwi liko mlangoni. "Naona haya kumkataza mwalimu," asema, "jambo ambalo nalifanya nyumbani kwangu."

Twamshukuru kwa ukweli wake. Jawabu letu lina sehemu mbili: ya shule na ya nyumbani.

Ama ya shule, yapasa kwanza tujue jambo lenyewe ni nini. Halloween ni mkesha wa sikukuu ya Wakristo ya Watakatifu Wote, ambayo ni tarehe 1 Novemba. Lakini mizizi yake ni ya kale zaidi, katika Ireland, ambako watu wa zamani walikuwa na siku iitwayo Samhain, mwisho wa mavuno na mwanzo wa baridi. Waliitakidi kuwa usiku huo wafu na mashetani huwakaribia walio hai. Wakawasha mioto na kujigeuza sura. Watu wa Ireland walipohamia Marekani kwa wingi, khasa kwa ajili ya njaa iliyoanza mwaka 1845, walichukua desturi zao pamoja nao, na huko wakapata maboga ya kuchonga. Baadaye wafanya biashara wakaigeuza bidhaa, wakauza peremende, barakoa na mavazi; na kwa njia ya sinema na vitabu ikaenea duniani, hata ikafika katika maduka makubwa ya Nairobi. Wako na Wakristo wengi wasioipenda.

Basi hii si dini yetu wala si ada ya watu wetu. Kumweleza mtoto kuwa wako watu wafanyao hivi si vibaya, kwani kujua khabari za mataifa ni elimu. Lakini kumvika mavazi hayo na kumshirikisha katika mchezo wenyewe ni jambo jingine. Mzazi na aende kwa mwalimu, kwa adabu na maneno laini, aombe mwanawe apewe kazi nyingine siku hiyo. Ana haki: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, yakataza mtu kulazimishwa kufanya jambo lililo kinyume cha dini yake. Wala asiende kama mgomvi. Burat wakaa Waborana, Waturkana, Wasomali, Wameru na Wasamburu, na watoto wao huketi dawati moja. Ujirani huo ni neema, haifai kuuvunja kwa sababu ya boga.

Lakini sisi twaona jambo lililo kubwa kuliko asili ya sikukuu hiyo, nalo ni kuifanya hofu ya mtoto kuwa kichekesho. Amepokea Abu Daud kuwa masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.), mmoja wao akalala, na mwingine akaiendea kamba yake akaichukua, yule mtu akashtuka. Mtume akabainisha kuwa si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu. Fikirini, ndugu zetu: ni kamba tu, naye ni mtu mzima, na waliokuwa naye ni rafiki zake. Ikiwa hilo halikuruhusiwa, itakuwaje kwa mtoto wa miaka saba aliyeonyeshwa sanda ya babu yake kuwa vazi la kutishia?

Na usiku wa Burat hauhitaji kuvishwa barakoa. Wafugaji wa nchi hiyo wanajua sauti ya fisi karibu na zizi, na wanajua wizi wa mifugo kwa bunduki. Wanajua ukame, kwani baina ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo. Watoto wa mahali kama hapo wana hofu za kweli za kutosha. Hawana haja ya kuazimwa za watu wengine. Na boga, ambalo kwetu pwani hupikwa kwa nazi likafuturiwa, halifai kuchongwa macho kisha likatupwa mbele ya watu waliokwisha kuona njaa.

Ama ya nyumbani, msidhani, enyi watu wa Mombasa, Malindi na Lamu, kuwa maneno haya ni ya Isiolo. Ni nani kati yetu ambaye hakutishwa kwa zimwi, au kwa mumiani, au kwa jini wa mbuyuni? Na ni nani ambaye hakuwatisha wanawe hivyo hivyo? Twacheka mizuka ya Wazungu, na shingo za watoto wetu zimejaa hirizi. Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, hakuona tafauti: alikemea kuwaiga Wazungu bila ya kufikiri, na alikemea pia uzushi wetu wenyewe. Sisi tumeshika nusu ya kwanza ya nasaha yake, nusu ya pili tumeiacha.

Majini wako, Qur'ani imewataja, wala hatuwakanushi. Lakini Sura ya Jinni yatueleza kuwa watu waliojikinga kwa majini hawakuzidishiwa ila taabu. Na kumwambia mtoto zimwi liko mlangoni, hali halipo, ni uwongo. Mama mmoja alimwita mwanawe aje ampe kitu. Mtume akamwuliza atampa nini, akasema tende. Akamwambia kuwa lau hangempa kitu, ingeandikwa juu yake kuwa ni uwongo. Ikiwa ahadi ya tende yaandikwa, na zimwi je? Na enyi waalimu wa vyuo, mtoto asiyejua bado rehema ya Mola wake msimwanzie kwa adhabu ya kaburi.

Basi mtoto huyu aambiwe kweli. Aambiwe kuwa babu amekwenda kwa Mola wake, wala hatembei usiku. Na kuwa nguo ile nyeupe ni ya heshima, alivishwa baada ya kuoshwa, akasaliwa na watu waliompenda. Jua likichwa, aingizwe ndani kama Mtume alivyoamrisha, na mlango ufungwe kwa jina la Mwenyezi Mungu. Asomewe dua ya kinga, kama Mtume alivyowasomea Hasan na Husein, na kama Nabii Ibrahim alivyowasomea wanawe kabla yake. Na michezo asinyimwe. Bibi Aisha alicheza na watoto wake wa bandia katika nyumba ya Mtume.

Twamalizia kwa kisa kimoja. Usiku mmoja watu wa Madina walisikia sauti ikawafazaisha, wakatoka kuiendea. Njiani wakamkuta Mtume (s.a.w.) anarudi. Alikwisha kuitangulia sauti ile peke yake, juu ya farasi wa Abu Talha asiye na tandiko, na upanga shingoni, naye akawatuliza wasiogope.

Ewe ndugu yetu wa Burat, mbwa wakibweka usiku nawe ukatoka na tochi, kisha ukarudi ukawaambia watoto, "Laleni, ni upepo tu," umefuata mwendo huo. Hiyo ndiyo kazi ya baba na mwalimu: kutangulia penye hofu, na kurudi na habari ya amani. Leo usiku mwambie mwanao kuwa zimwi halipo, na kuwa ulikosea ulipomwambia liko.

Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu na hofu, atulinde nasi na uwongo. Amin.