Kuaga na Kutoroka

Swali la insha hii ni dogo kwa umbo lakini zito kwa maana: je, ni halali kumdanganya mtoto ili asilie? Watu wengi wema hujibu kuwa ni halali, na hutenda hivyo pasipo kuona haya. Ningependa, msomaji kijana, tulipime pamoja jambo hili, maana huenda ukatakiwa kulijibu kwa matendo kabla hujamaliza shule.

Tuchukue mfano wa asubuhi ya Jumamosi katika mitaa ya mashariki ya Nairobi. Mama anatoka nyumbani kwake Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940, amemshika mkono mtoto wake wa miaka mitano. Wanakwenda ukumbini, ambako mwalimu huwafundisha watoto kuchora. Mtoto amebeba shati kuukuu la baba yake, la kujikinga na rangi. Njia nzima anauliza kama rangi nyekundu itakuwapo. Lakini afikapo mlangoni huona nyuso asizozijua, na vidole vyake hukaza katika mkono wa mama. Hajapata kuachwa na mama yake mahali pageni hata siku moja.

Hapo mama ana njia tatu mbele yake. Aweza kukaa, aweza kutoroka, aweza kuaga.

Kukaa ni njia ya huruma, na haina ubaya kwa kitambo kidogo. Walakini mama akaaye mpaka mwisho huingia katika karatasi ya mtoto bila ya kukusudia. Mtoto akipaka ng'ombe rangi ya buluu, mama hunong'ona kwamba hakuna ng'ombe wa buluu. Mtoto hufuta, hutazama uso wa mama, kisha huchora ng'ombe wa mama. Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Tanganyika mwaka 1932, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965. Jina hilo huchezea maneno mawili, paa aliye mnyama, na kupaa kuliko kwenda juu. Njau aliwafundisha watu wasiige. Lakini mtoto ataachaje kuiga, ikiwa jicho analolipenda kuliko yote limesimama juu ya bega lake? Asiyeachwa peke yake na karatasi hata mara moja hawezi kujua mkono wake unataka kusema nini.

Njia ya pili ni kutoroka. Mama humwambia mtoto, "Tazama picha ile ukutani," na mtoto ageukapo, mama hayupo. Au husema anakwenda kununua ndizi na kurudi sasa hivi, hali ajua kuwa atarudi baada ya saa mbili. Wanaoitetea njia hii husema kwamba uongo huo ni mdogo, na machozi yanayookolewa ni mengi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa sababu aisemaye amesukumwa na upendo. Lakini tuhesabu vizuri. Machozi hayakuokolewa, yameahirishwa tu, nayo huja mama akiwa hayupo kuyafuta. Tena Jumamosi ya pili mtoto hulia mapema zaidi, kwenye kona ya njia, kwa kuwa sasa amejifunza jambo ambalo mwalimu wa kuchora hakumfundisha: kwamba ukigeuza macho kutazama kitu kizuri, umpendaye hutoweka. Tangu hapo atachora kwa jicho moja, na jicho la pili litalinda mlango.

Njia ya tatu ni kuaga. Mama huchutama mpaka uso wake ulingane na uso wa mtoto, na kusema kweli: "Mimi naondoka sasa. Utabaki na mwalimu. Mtakapokwisha kuosha burashi, utaniona mlangoni." Hasemi saa tano, maana mtoto wa miaka mitano hajui saa, lakini burashi anazijua. Mtoto hulia, na mama huondoka na kilio hicho masikioni. Hii ndiyo gharama ya kweli, na hulipwa na wote wawili. Lakini burashi zikisha kuoshwa, na mama akawapo mlangoni, mtoto amepata mali isiyonunuliwa dukani. Amejua kuwa neno la mama yake husimama mahali pa mama yake mwenyewe.

Labda utasema kwamba mji si mahali pa kuamini. Magari hupita mbio katika barabara ya Jogoo, na si kila mtu mzima ni mtu mwema. Wasema kweli. Kumwacha mtoto si kumtupa. Mzazi mwenye busara humjua kwanza mwalimu, hukiona chumba, na hueleza bayana ni nani atakayemchukua mtoto. Kuamini bila ya kuchunguza ni uzembe. Kuchunguza bila ya kuamini kamwe ni kifungo.

Wala isidhaniwe kwamba saa mbili za rangi ni kitu cha mzaha. Katika kijiji cha mabanda cha Mukuru, karibu na viwanda vya Nairobi, wasanii waliokulia huko walianzisha kikundi cha Wajukuu mwaka 2004, na watoto wa hapo hufundishwa kuchora. Mwaka 2022 kikundi hicho kilialikwa katika maonyesho makubwa ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, kikapewa tuzo ya Arnold Bode. Si kila mtoto atafika huko, wala si lazima afike. Lakini kila achoraye alikuwa na siku ya kwanza, na katika siku hiyo palikuwa na mtu aliyeuachilia mkono wake.

Sasa nakugeukia wewe. Katika nyumba nyingi za mitaa hii mama yuko kazini siku ya Jumamosi, na anayempeleka mtoto ni kaka au dada. Huenda ukawa wewe. Utakuwa na haraka, na rafiki zako watakuwa wanakungoja uwanjani. Kutoroka kutakuwa rahisi, na hakuna atakayekulaumu. Siku hiyo kumbuka kwamba ahadi ni deni, na kwamba mdai wako ana miaka mitano, hana shahidi, wala hawezi kukushitaki. Chutama, useme kweli, uondoke. Kisha uwe mlangoni kabla burashi ya mwisho haijakauka.