Nani Atamdhamini?



Jumapili iliyopita baada ya ibada, mzee mmoja wa kanisa alinivuta kando. Amesikia kuna kijana ametoka Gereza Kuu la Nakuru na anataka kujiunga na ushirika wa nyumbani kwake. Akaniambia, "Pasta, mimi simchukii. Lakini hawa hurudia. Akiiba, nitawaambia nini watoto wangu?"

Sikumkemea. Nilisomea biashara, na darasani tulifundishwa vivyo hivyo: kabla hujamkopesha mtu, angalia historia yake. Tena hesabu zinamuunga mzee mkono. Wizara ya Sheria ya Marekani iliwafuatilia wafungwa walioachiliwa mwaka 2005 katika majimbo 30. Ndani ya miaka 5, wenye umri wa miaka 24 kushuka walikamatwa tena asilimia 84. Wa miaka 40 kwenda juu, asilimia 69. Na aliyewahi kukamatwa mara nyingi zaidi ndiye aliyekamatwa tena zaidi.

Lakini tusome hesabu mpaka mwisho. Kati ya wote waliokamatwa tena, zaidi ya theluthi moja walikamatwa katika miezi 6 ya kwanza. Hata hapa kwetu, hiyo ndiyo miezi kijana hana pa kulala, hana nauli, na akiomba kazi anaitishwa cheti cha tabia njema. Basi asilimia hiyo haipimi moyo wake peke yake. Ndani yake mna milango iliyofungwa, na mingine ni yetu.

Tena, hesabu inajua kundi, haimjui mtu. Hata kati ya wale vijana, 16 katika kila 100 hawakukamatwa tena. Ukimfungia mlango huyu mmoja kwa makosa ya wenzake, umemfunga mara ya pili bila kesi.

Je, tuwe wajinga? Hapana. Hatutamkabidhi kikapu cha sadaka kesho. Lakini someni barua kwa Filemoni. Paulo hakuficha kwamba Onesimo huenda alimtia bwana wake hasara. Hakusema yasahaulike tu. Alisema kama kuna deni, liandikwe kwake. Kwa lugha ya benki, Paulo alijitoa kuwa mdhamini.

Hapo ndipo benki na kanisa huachana njia. Benki ikiona hatari, inafunga faili. Kanisa likiona hatari, linauliza nani atasimama na huyu mtu.

Mimi na mzee tumekubaliana. Kwa miezi 6, kijana atakuja ushirika wa Jumatano pamoja nami. Fundi mmoja wetu atamjaribu kwenye mjengo. Anaweza kutuangusha, sitawadanganya. Akituangusha, msiende kwa mzee. Njooni kwangu.

Na wewe, kwenye ploti yenu, yuko mmoja aliyetoka juzi. Nani atamdhamini?