Maombi au Hospitali? Neno Juu ya Ugonjwa wa Kansa



Mwezi huu tunaandika juu ya jambo linalotulemea moyoni. Katika moja ya makanisa yetu hapa Bujumbura alikuwako mama mmoja, mwimbaji wa kwaya. Alianza kutokwa na damu isiyo ya siku zake, akaja kwetu. Tulifunga naye siku tatu, tukampaka mafuta, tukamwambia aamini tu. Jirani naye akamletea mizizi ya kuchemsha. Ikapita miezi minane. Alipofika hospitali, daktari alikuta ni kansa ya mlango wa kizazi, na imekwisha kuenea. Tulimzika kabla ya Noeli.

Tangu siku ile tunajiuliza: je, tulikosea kumwombea? Hapana. Kosa letu halikuwa katika maneno tuliyomwambia Mungu. Lilikuwa katika neno ambalo hatukumwambia yule mama: "Inuka, nenda kapimwe, nasi tutakusindikiza." Hatukulisema kwa sababu tuliogopa kuonekana watu wa imani haba.

Basi tuulize wazi. Je, mkristo anayekwenda kwa daktari amemwacha Mungu?

Tumtazame mfalme Hezekia katika 2 Wafalme sura ya 20. Aliugua karibu na kufa, akaomba kwa machozi, na Mungu akamwongezea miaka 15. Lakini nabii Isaya, yule yule aliyeleta ahadi, aliagiza pia tini ziwekwe juu ya jipu. Ahadi na dawa vilitoka katika kinywa kimoja. Msamaria wa Luka 10 alimfunga mtu majeraha, akampeleka mahali pa kutunzwa, akalipa gharama. Na Luka mwenyewe alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14).

Wengine watatukumbusha mfalme Asa, aliyelaumiwa katika 2 Nyakati 16 kwa kuwatafuta waganga. Tusome vizuri: lawama yake ni kwamba hakumtafuta Bwana. Anayeomba na kisha kwenda hospitali hafanani na Asa, anafanana na Hezekia.

Na dawa za miti je? Mungu ndiye aliyeumba majani na mizizi, hatuwezi kuyadharau. Ua dogo lenye asili ya Madagaska, ambalo wengi hulipanda mbele ya nyumba kwa urembo, ndilo lililotoa dawa ya vinkristini, inayotumika hata leo kutibu kansa za watoto. Lakini dawa hiyo ilichunguzwa, ikapimwa kipimo chake, na madhara yake yakajulikana. Kuchemsha ua lenyewe na kulinywa ni hatari. Tukumbuke pia ya Loliondo, Tanzania, mwaka 2011. Maelfu walipanga foleni kijijini Samunge kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Alisema ameonyeshwa na Mungu. Hatumhukumu mzee huyo, aliyefariki mwaka 2021. Lakini wako wagonjwa walioacha vitanda vya hospitali ili wamfikie, na wengine walifia njiani. Hilo linatufundisha kwamba nia njema haitoshi, hata kwa mchungaji.

Sasa liko swali la pili, nalo linauma zaidi. Mtu akiugua kansa, husemwa kando: "Amefanya nini huyu?" Kwa mama yetu pia yalisemwa.

Tumtaje hapa Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, mkristo mwenye kuomba, aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 alieleza habari za uvimbe mbaya uliokuwa ukivimbisha mataya ya watoto. Mwaka 1961, pamoja na madaktari wamisionari wawili, alisafiri kwa gari kuukuu yapata kilomita 16,000 kuelekea kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali kwa hospitali kama wameuona ugonjwa ule. Akaona unafuata sehemu za joto na mvua nyingi, palipo na malaria. Baadaye wataalamu waligundua kwamba kirusi fulani pia kimo katika chanzo chake. Leo mtoto mwenye kansa hiyo anaweza kupona akifikishwa mapema na kupewa dawa.

Tunauliza: watoto wale walikuwa wametenda dhambi gani? Wanafunzi walimwuliza Yesu swali la namna hiyo juu ya kipofu (Yohana 9). Yesu alikataa kumlaumu kipofu, alikataa pia kuwalaumu wazazi wake, kisha akatenda kazi ya kumponya. Burkitt naye hakukaa akitafuta mwenye kosa. Alitafuta chanzo, na hayo ni mambo mawili tofauti. Anayetafuta mwenye kosa humwongezea mgonjwa mzigo, bali anayetafuta chanzo humwokoa mgonjwa wa kesho.

Kwa roho hiyo tupokee mafundisho ya kujikinga. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 30 na 50 ya kansa zote zinaweza kuzuiwa. Kwa hiyo:

1. Tuache tumbaku, ya kuvuta na ya kunusa. Tuache kanyanga na pombe nyingine, kwa kuwa pombe huleta kansa ya ini, ya koo na ya matiti.

2. Karanga na mahindi yenye ukungu tusile wala tusisage unga. Ukungu huo una sumu inayodhuru ini, na kupika hakuiondoi yote. Tukaushe vizuri kabla ya kuweka akiba.

3. Tule lengalenga, sombe, maharagi na matunda kadiri tunavyopata. Burkitt mwenyewe, katika miaka yake ya baadaye, alihimiza sana vyakula vya namna hiyo.

4. Mama wenye miaka 30 na zaidi waulize kituo cha afya juu ya kipimo cha mlango wa kizazi. Muuguzi hupaka siki kidogo, na sehemu yenye hitilafu hugeuka nyeupe. Ikionekana mapema hutibiwa kabla haijawa kansa. Chanjo nayo hufaa zaidi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Tukumbuke kwamba kirusi kinacholeta kansa hiyo huwapata watu wengi sana waliowahi kuwa na mume au mke, hata waaminifu. Mwaka 2022 kansa hiyo iliua wanawake wapatao 350,000 duniani, wengi wao katika nchi maskini, ambako vipimo na chanjo haviwafikii wote. Umaskini si dhambi ya mgonjwa. Na wako watakaofuata yote tuliyoandika, na bado wataugua. Hao wasiulizwe walikosa wapi.

Tunajua ugumu wa kambini: barua ya rufaa, nauli, watoto wa kuachia jirani. Ndiyo maana kanisa lipo. Idara ya akina mama ipike uji na kulinda watoto, vijana wamsindikize mgonjwa, sisi wachungaji tuombe naye kitandani. Na pale ambapo daktari hawezi tena kuponya, tusikimbie. Dawa ya maumivu, zaburi na mkono wa kushikwa vinaweza kukaa pamoja katika chumba kimoja.

Mama yetu hakutulaumu hata siku ya mwisho. Alituomba tu tuwaambie wengine. Ndiyo sababu tumeandika.

Mwenye uvimbe usioondoka, damu isiyo ya kawaida au kidonda kisichopona asingoje mkutano wa maombi wa Ijumaa. Aende kituo cha afya leo, nasi Ijumaa tutamwombea kwa jina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote. Amina.