Kujinyima na Kunyimwa

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mwili akaufanya amana, na akaumba chakula akakifanya neema. Na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zetu wa pwani waendao bara kwa biashara, wakifika Kigoma kisha wakapanda milima kwenda Kasulu na Kibondo, hurejea wengi wao na maneno mamoja. Husema: "Waha ni watu wa kusifiwa. Katika mashamba yao ni nadra kumwona mtu mwenye kitambi. Mzee wa miaka sabini apanda kilima na mzigo wa mihogo, wala hahemi. Hawa ndio walioshika adabu ya kula kwa kiasi, na sisi wa pwani tumeiacha." Kisha wengine huongeza: "Nami nikifika nyumbani nitafunga mdomo mwezi mmoja, niwe kama wao."

Maneno haya ni mepesi ulimini, walakini yana mambo mawili mazito ndani yake. La kwanza: je, wembamba wa mtu wa Kasulu ni fadhila ya nafsi yake? La pili: je, mtu wa pwani aweza kuupata wembamba ule kwa mwezi mmoja, na akaupata ukakaa? Na baada ya hayo mawili liko la tatu, nalo ni nia ya huyo ajinyimaye. Tutayapima moja baada ya moja, inshallah.

MAS'ALA YA KWANZA: WEMBAMBA NA FADHILA

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa fadhila ni jambo alitendalo mtu kwa khiyari yake, hali aweza kutenda kinyume chake. Bubu hasifiwi kwa kutosengenya, wala kipofu hasifiwi kwa kuinamisha macho. Basi na tumtazame mkulima wa Buha kwa mizani hiyo. Aamka alfajiri, ashika jembe, shamba lake liko mteremkoni mbali na nyumba. Chakula chake ni ugali wa muhogo au wa mahindi, na maharage, na siku ya soko pengine dagaa au mgebuka wa ziwani. Kazi ni nyingi na chungu kina mpaka wake. Na inapokaribia miezi ya kungoja mavuno, ghala hupungua na chungu nacho hupungua. Mtu huyu huenda akawa mwenye kiasi kikubwa katika nafsi yake, na huenda akawa si hivyo. Ajuaye ni Mola wake. Lililo dhahiri ni kuwa wembamba wake hautupi khabari ya moyo wake, maana hajapewa nafasi ya kuchagua.

Na dalili ya haya i karibu. Mtazame ndugu yake, tumbo moja na malezi mamoja, aliyepata duka katika mji wa Kasulu au kiti cha afisini Dar es Salaam. Haendi tena kwa miguu, hupanda bodaboda. Hanywi tena maji matupu, hunywa soda. Jioni hula chipsi na nyama ya kukaanga. Haikupita miaka mingi naye ana kitambi kama sisi. Damu haikugeuka wala mafunzo hayakugeuka; kilichogeuka ni mlango wa riziki. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 hadi 2016, wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walionekana kuwa na uzito uliopita kiasi, na wa mijini walikuwa wengi kuliko wa mashamba. Je, tutasema kuwa watu wa mashamba wote ni wachaji Mungu na wa mijini wote ni walafi? Hapana. Tutasema kuwa mji na shamba ni mitihani miwili mbalimbali.

Liko na jambo lililo zito zaidi. Katika wilaya ya Kasulu iko kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa watu waliokimbia vita vya Kongo. Na huko Kibondo kambi ya Nduta ilifunguliwa tena mwaka 2015, Warundi walipokimbia fitina ya nchi yao. Mwaka 2017 shirika la chakula la Umoja wa Mataifa lilipungukiwa na fedha, posho ikakatwa, hata mwezi wa Agosti ikawa ni sehemu 62 tu katika 100 ya kipimo kamili, nacho kipimo kamili ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Watu wale wakikonda, si kwa khiyari yao. Ni nani mwenye akili atakayesimama mbele ya mama wa Nduta amwambie, "Hongera, umeshika zuhudi"?

Hapa ndipo tofauti inapoonekana. Kujinyima ni tendo la mtu mwenyewe, naye aweza kulipwa kwalo. Kunyimwa ni msiba uliomshukia mtu, na jukumu lake liko juu ya aliye nacho. Amsifuye aliyenyimwa kana kwamba amejinyima, amemdhulumu mara mbili: amemnasibisha na tendo asilolitenda, na amejitua yeye mwenyewe deni alilokuwa adaiwa. Kwani tukikwisha kuipa njaa ya jirani jina la fadhila, ni nani tena atakayepeleka sahani nyumbani kwake?

Ukisema: "Mbona Mtume wetu na sahaba zake walikaa na njaa?" Nitakujibu: walisubiri ilipowafika, na chakula kilipokuja walikula na kuwalisha wengine. Na imepokewa kuwa Mtume alijikinga kwa Mola wake na njaa. Na mtu hajikingi na jambo lililo jema kwa dhati yake. Kusubiri ndiko kunakosifiwa, si njaa.

Na kama wembamba si ushahidi wa fadhila, hali kadhalika unene si ushahidi wa ulafi. Yuko aliyenenepa kwa maradhi, yuko kwa dawa atumiazo, yuko kwa maumbile aliyozaliwa nayo. Basi anayemcheka mtu kwa mwili wake amehukumu bila ya ushahidi.

MAS'ALA YA PILI: MWEZI MMOJA HAUTOSHI

Pengine msomaji atasema: "Kama ni hivyo, basi na tule, maana unene si dhambi." La, hivyo sivyo. Mwili ni amana, na mwenye amana huulizwa alivyoitunza. Katika ukaguzi wa mwaka 2012 hapa Tanzania, watu wazima kiasi cha 9 katika kila 100 walionekana wana kisukari. Unene wa tumbo ni mmoja katika milango ya maradhi hayo, na ya shinikizo la damu, na ya moyo. Ajuaye mlango wa hatari, naye aweza kuufunga, hana udhuru wa kuuacha wazi.

Walakini kuufunga kwa kishindo si kuufunga. Wako watu waliofanya mashindano ya kukonda huko Marekani, wakapunguza uzito mwingi kwa miezi michache kwa njaa kali na mazoezi makali. Wataalamu waliwapima 14 katika wao baada ya miaka 6, na khabari zao zikachapishwa mwaka 2016. Wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito walioupoteza. Na ajabu ni hii: miili yao ilikuwa bado yatumia nguvu pungufu ya ilivyotazamiwa, kadiri ya kalori 500 kwa siku. Mwili ulioshtushwa kwa njaa hujihami kama mtu aliyewahi kuibiwa: hubana kila senti.

Na moyo nao una hali yake. Mwaka 1944 na 1945, katika mji wa Minneapolis, wanaume 36 waliokubali kwa hiari yao walilishwa chakula pungufu kwa miezi 6, ili ijulikane njaa humfanya nini mtu. Walipoteza kiasi cha robo ya uzito wao. Lakini fikira zao hazikuwa huru: walizungumza chakula, waliota chakula, wakasoma vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula, baadhi yao walikula bila ya kutosheka. Basi adhaniye kuwa njaa kali humkomboa mtu na tumbo lake, na azingatie. Tumbo lililoshiba kupita kiasi ni bwana mbaya, na tumbo lililoteswa ni bwana mbaya kama lile.

Dawa ya haya aliiandika Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, nao ni mwaka 1111 wa Miladi. Katika kitabu chake cha Ihyaa, mlango wa kuvunja matamanio mawili, amesema kwamba apunguzaye chakula na apunguze kidogo kidogo, asijitupe kwa mara moja akadhurika. Akapiga mfano: mtu alaye mikate miwili akitaka kurudi kwenye mmoja, apunguze kila siku fungu moja katika mafungu 28 au 30 ya mkate mmoja. Mwezi ukiisha amefika, wala hakuona taabu. Na mwisho wa maneno yake amebainisha kuwa makusudio ni wastani: mtu asihisi uzito wa tumbo, wala asihisi uchungu wa njaa.

Msomaji atauliza: "Si umesema mwezi mmoja hautoshi?" Ndiyo, mwezi ule wa Ghazali ni wa kujifunza kipimo, na kipimo ni cha umri wote. Yule ajinyimaye mwezi ili arejee alikotoka hakubadili kitu, amekopa tu. Anywaye chai kwa vijiko vinne vya sukari, na anywe kwa vitatu na nusu mpaka ulimi uzoee, kisha vitatu. Apakuaye wali sahani mbili, na aache tonge mbili wiki hii. Amali iliyo kidogo yenye kudumu ni bora kuliko nyingi yenye kukatika, na hili kila aliyesoma chuoni alijua.

Ama kutembea, watu wengi hudhani kuwa ndiko kuliko na siri yote ya mlima. Walipimwa Wahadzabe 30 wa upande wa ziwa Eyasi, watu wa kuwinda na kuchimba mizizi, watembeao kila siku, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Ilionekana kuwa nguvu watumiazo kwa siku, ukizilinganisha na ukubwa wa miili yao, ni sawa na za watu wa Marekani na Ulaya waketio vitini. Maana yake ni kuwa miguu hailipi deni la biriani. Alaye kupita kiasi kisha akategemea kutembea, atachoka naye angali na kitambi. Hata hivyo usiache kutembea: kwafaa moyo, kwafaa sukari ya damu, na wale waliopunguza mwili wakauhifadhi, wengi wao ni watu wasioacha kujitaharakisha kila siku. Chakula hupunguza, na mwendo hulinda kilichopunguzwa. Basi acha bodaboda, nenda msikitini kwa miguu, utapata mawili.

MAS'ALA YA TATU: NIA

Hapa huja swali ambalo vijana hutuuliza sana: "Nikifunga Jumatatu na Alhamisi ili nipunguze mwili, je, saumu yangu ni sahihi?" Jalaluddin Suyuti, naye ni katika maulamaa wetu wa madhhebu ya Shafi'i, ameitaja mas'ala hii katika Al-Ashbah wan-Nadhair pamoja na ile ya atiaye udhu hali akusudia na kupoza mwili. Lililo sahihi zaidi ni kuwa ibada yaswihi, maana lile la pili hupatikana hata asipolikusudia. Walakini thawabu ni jambo jingine. Ghazali ametazama lipi lenye nguvu katika moyo, dini au dunia. Na Izzuddin bin Abdissalam yeye amesema kuwa nia mbili zikichanganyika hapana thawabu kabisa.

Katika khilafu hii mna funzo kwa ajinyimaye. Mtu aweza kula kidogo kwa kuhifadhi amana, na mwingine akala kidogo kile kile kwa kujiona katika kioo na kuwadharau wanene. Sahani ni moja, na watu ni wawili.

Na vipi tutakijua kilicho moyoni? Iko alama moja isiyoficha, nayo ni kile kilichobaki chunguni. Mtu akipunguza tonge lake, lile tonge limekwenda wapi? Likibaki mfukoni mwake likawa kanzu mpya, amejinyima kwa ajili ya nafsi yake, na hilo ni halali yake. Likienda kwa mpagazi, au kwa mjane wa mtaani, au kwa mtoto wa chuoni ajaye bila ya kifungua kinywa, hapo kujinyima kwa mmoja kumeondoa kunyimwa kwa mwingine. Hapo ndipo kiasi kinapotimia.

KHATIMA

Tutaje mambo machache ya matendo. Mwenye nyumba asimwamuru mkewe ajaze sinia kisha akamlaumu kwa kitambi chake. Aamuaye chungu ndiye aulizwaye. Mwezi wa Ramadhani usigeuzwe kuwa mwezi wa sambusa na kaimati hata mtu akatoka katika saumu mnene kuliko alivyoingia. Ukialikwa walima wa arusi, nenda, maana kuitikia ni wajibu. Lakini kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhhebu yetu kula si wajibu, basi kula tonge zako chache, mwombee mwenye shughuli, na uondoke. Na ukipanda milima ya Kasulu na Kibondo ukawaona watu wembamba, usiwasifu kabla hujauliza wamekula nini. Ukijua kuwa wamekosa, usirudi pwani na maneno ya kuwasifu. Rudi na azma ya kupeleka kitu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kula kwa kiasi, na kutoa kwa wingi, na asituonjeshe njaa ya kunyimwa, wala asituache tukiwatazama walionyimwa na mikono yetu imefumbwa. Amin.