Usimpulizie Dawa Kabla Hujamjua

Andiko: Matendo 9:26–28



Wengi wetu tuna sukuma wiki nyuma ya nyumba, hata kama ni kwa magunia. Na wengi mnamjua ladibadi, yule mdudu mdogo mwekundu wa mviringo, mwenye madoa meusi mgongoni. Watoto wanampenda. Lakini je, mtoto wake mnamjua? Hafanani naye hata kidogo. Ni mweusi, mrefu, hana mabawa, ana vidoa vya rangi ya machungwa, na anatembea juu ya jani kama mamba mdogo. Mtu akimwona anasema, "Kumbe ni huyu anamaliza mboga yangu!" Anamponda, ama anakimbia agroveti kununua dawa.

Jameni, huyo ni askari wako! Kabla hajawa mkubwa anakula mamia ya vidukari, wale wadudu wadogo wanaonyonya utomvu mpaka majani yanajikunja. Ukipuliza dawa ikaua wote, vidukari ndio hurudi kwanza, kwa sababu wanazaana haraka kumliko. Mimi nilisomea biashara, na hiyo naiita hasara mara mbili: umelipia dawa, na umemfuta kazi mlinzi asiyedai mshahara.

Sauli alipofika Yerusalemu, wanafunzi walimwogopa. Walikuwa na sababu, maana alikuwa amelitesa kanisa. Barnaba ndiye aliyemchukua, akawaeleza mitume yale Bwana aliyomtendea. Kanisa likapata mtume.

Sasa niseme wazi. Majuzi tumeombwa vijana fulani wasihudumu tena, kisa ni rasta na michoro mikononi. Vijana hao hao Jumapili wanafika kabla ya sisi wachungaji. Wanabeba spika, wanapanga viti, na wanawavuta wenzao watoke kwenye bangi. Tukiwafukuza, ni nani atawafikia hao wenzao? Mimi? Wakiniona na tai yangu wanatawanyika.

Sisemi tusipime. Tupime, lakini si kwa sura. Uliza: huyu anafanya nini juu ya jani? Ananyonya, ama anapigana na wanaonyonya?

Wiki hii chukua namba ya kijana mmoja usiyemwelewa. Mpigie, mwalike chai, msikilize kabla ya kumshauri. Kuwa Barnaba wake. Mungu bado anaendelea naye, na mabawa yatatoka kwa wakati wake.

Amina.