Anayedaiwa na Marehemu Asimame

Ndugu zangu, kila tarehe 13 Oktoba tunaacha kazi kwa ajili ya mtu mmoja. Mashada ya maua hupandishwa Vugizo, kwenye kilima ambako kaburi lake linautazama mji wetu wa Bujumbura. Hotuba husomwa, jina la Mwanamfalme Louis Rwagasore hutajwa kwa heshima, na kesho yake kila mtu hurejea alipoachia. Sina neno juu ya maua. Neno langu ni juu ya hiyo kesho yake.

Sisi watu wa Buyenzi na Bwiza tuna haki ya kumwita wetu. Alikuwa mtoto wa Mwami Mwambutsa, aliyezaliwa Gitega mwaka 1932, na angeweza kumaliza umri wake akihudumiwa. Yeye akachagua kukaa na wafanyabiashara wadogo, Waswahili wa mitaa hii wakiwemo, na mwaka 1957 wakaanzisha ushirika ili Mrundi naye asimame sokoni kwa miguu yake. Tuseme kweli, maana marehemu haheshimiwi kwa uongo: ushirika ule haukwenda vizuri, na hesabu zake ziliyumba. Hakuwa malaika. Lakini hakujificha kwa aibu ya kushindwa. Aliendelea na watu katika chama cha Uprona, nao wakamwamini, hata uchaguzi wa 18 Septemba 1961 ukakipa chama hicho viti 58 kati ya 64. Baada ya ushindi huo aliwaambia wananchi wamhukumu yeye na wenzake kwa matendo yao.

Hazikutimia wiki tatu tangu awe Waziri Mkuu, akapigwa risasi akiwa katika hoteli ya Tanganyika, kando ya ziwa. Alikuwa na miaka 29. Alimwacha mkewe, Marie-Rose Ntamikevyo. Mabinti wawili waliojaaliwa kuwapata walikufa wangali wachanga, wala hakubaki mtoto wa kulibeba jina la baba yake.

Jina lilibaki mikononi mwetu. Tulilifanyia nini? Januari 1962, miezi mitatu tu baada ya kumzika, vijana wa kundi lililojiita kwa jina lake walimwaga damu ya watu Kamenge, hapa hapa mjini. Tarehe 1 Julai mwaka ule bendera ya uhuru ilipopandishwa, jina lake lilikuwa limekwisha kutiwa doa na watu waliodai kumpenda. Siwezi kusema walikuwa wanafiki wote. Huenda wengi wao walilia kwa dhati siku ya mazishi. Hapo ndipo penye hofu yangu, ndugu zangu: machozi ya mtu yaweza kuwa ya kweli, na mkono wake ukawa unadhulumu.

Wala nisizungumze kana kwamba mimi niko mbali na aibu hiyo.

Palikuwa na mzee mmoja katika avenyu yetu pale Buyenzi, fundi wa magari. Mume na mke wakigombana usiku wa manane, mlango uliogongwa ulikuwa wake. Vijana wakitaka kushikana mashati mpirani, lilitosha neno lake moja. Jioni alikaa na wanawe mkekani, mikono ingali inanuka oili, akiwakagulia madaftari ya shule ukurasa kwa ukurasa, ingawa kusoma kwake mwenyewe kulikuwa kwa tabu. Mwanangu alipougua sana, mzee huyo alinikopesha faranga 100,000. Hakutaka karatasi wala shahidi. Aliniambia tu, "Mtoto akipona, tutaongea."

Mtoto alipona. Hatukuongea. Mzee akafariki.

Siku ya mazishi, kabla ya swala, mwanawe mkubwa alisimama akasema yale tunayoyasema siku zote: "Anayemdai baba yetu, aje kwetu." Watu walikwenda. Mmoja alidai bei ya betri, mwingine kodi ya kibanda, na familia ikapokea kila dai bila kunung'unika. Katika umati ule wote hakutoka hata mmoja wa kusema, "Mimi ndiye niliyedaiwa naye." Na mimi nilikuwa safu ya pili, nimeinamisha kichwa, watu wakidhani ni huzuni.

Kwenye hitima ya arobaini niliombwa nizungumze. Nilimsifu kwa uaminifu wake, nikatoa mifano, watu wakafuta machozi. Mjane wake alikuja akanishukuru kwa maneno mazuri. Usiku ule sikulala, lakini kukosa usingizi hakulipi deni la mtu, na miezi minne ikapita nikiwa bado najipa udhuru. Ndipo siku moja nikamkuta mwanawe wa pili, aliyekuwa shule, anaziba pancha kando ya barabara kwa kukosa karo.

Nilizipeleka fedha jioni ile ile. Mjane alizipokea, akazihesabu mbele yangu noti moja moja, akazifunga kwenye pindo la kitenge. Kisha akasema, "Alikutaja, shemeji. Alisema utakuja." Hakuongeza neno. Alikuwa anajua tangu siku ya mazishi, hata kwenye hitima nilipokuwa nikisema maneno yale mazuri, naye akanisitiri.

Ndugu zangu, tuna desturi njema ya kuitika msiba. Turubai huning'inizwa, wanawake huingia jikoni bila kuitwa, na hakuna maiti wa jirani atakayezikwa na watu wanne. Hilo ni jema na Mwenyezi Mungu atulipe. Lakini turubai likiisha kushushwa, ami anahamia dukani kwa marehemu, shangazi anachukua cherehani, na anayetaka cheo anaanza kusema marehemu alikuwa kama baba yake mzazi. Mjane akiuliza, anaambiwa awe na subira. Kumsifu mtu hadharani na kuwadhulumu wanawe nyuma ya mlango ni khiyana, hata kama sifa zile zilikuwa za kweli.

Basi naomba tuongeze jambo moja katika desturi yetu. Mwana wa marehemu akiisha kusema, "Anayemdai baba yetu aje kwetu," aongeze, "na anayedaiwa naye, aje pia." Kutakuwa na kimya kizito, najua. Anayeona haya mbele ya watu asisimame pale, aende nyumbani kwa mjane usiku. Na wewe unayesoma haya, kama unakumbuka deni, amana au shamba la mtu aliyekwisha kuzikwa, usingoje hitima. Nenda leo kabla ya magharibi.