Mzigo wa Mpagazi: Picha za Maktaba na Maadili ya Vitabu vya Historia kati ya Ruiru na Thika

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuichukulia picha iliyomo kitabuni kuwa pambo. Inapotajwa katika tahakiki, hutajwa kwa sentensi moja, tena mwishoni, pamoja na ubora wa karatasi na jalada. Mazoea haya yana hasara. Katika vitabu vya historia na utamaduni vinavyotungwa kutokana na hazina za maktaba, picha ndiyo inayobeba ushahidi, na maneno machache yaliyochapwa chini yake ndiyo yanayomwelekeza msomaji amwone nani na ampuuze nani. Maneno hayo ni utungo kama utungo mwingine wowote: yana msimulizi, yana mtazamo, yana wanaotajwa na wanaonyamaziwa. Makala haya yanachunguza swali la kimaadili linalozuka pale mhariri wa leo anapoitoa picha ya kale maktabani na kuichapisha upya. Je, ana wajibu gani kwa mtu aliyemo pichani, ambaye jina lake halikuandikwa na ambaye huenda hakuulizwa kama ameridhia? Mjadala utajikita katika nchi iliyo kati ya Ruiru na Thika, eneo ambalo athari yake katika vitabu vya aina hii ni kubwa kuliko upana wake.

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani Marekani mwezi Machi mwaka huohuo, alifika Afrika ya Mashariki na mwanawe Kermit katika msafara wa kuwinda na kukusanya wanyama kwa niaba ya taasisi ya Smithsonian. Miongoni mwa waliomkaribisha alikuwa William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani, katika shamba lake la Juja. Kitabu kilichotokana na safari hiyo, African Game Trails (1910), kina sura nzima kuhusu shamba hilo na nyingine kuhusu uwindaji wa nyati kando ya mto Kamiti. Nyumba ya Juja inaelezwa kuwa ilisimama karibu na makutano ya mto Nairobi na mto ambao kitabu kinauandika "Rewero". Mwenyeji wa sehemu hizo hatakosa kusikia humo jina la Ruiru. Kitabu kina picha zaidi ya 200, zilizopigwa na Kermit na wenzake wa msafara au kuchorwa na Philip R. Goodwin. Kwa muda mrefu kimekuwa ghala ambamo watungaji wa vitabu vya picha kuhusu Kenya ya kale huchota.

Jambo la kuvutia zaidi katika msafara ule, kwa mhakiki wa fasihi, si simba wala kiboko. Ni maktaba. Roosevelt alisafiri na vitabu vipatavyo sitini, vikiwamo Biblia na tungo za Homer na Shakespeare, vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili vistahimili jasho, damu na mafuta ya bunduki. Vilitiwa katika sanduku jepesi la alumini na kitambaa kisichopenya maji, na uzito wake haukufika ratili 60, yaani kiasi cha kilo 27. Kipimo hicho hakikuja kwa bahati. Ulikuwa mzigo wa mpagazi mmoja. Vitabu hivyo vimehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Harvard, na Roosevelt aliviorodhesha kwa majina kimoja kimoja mwishoni mwa kitabu chake. Mtu aliyevibeba hayumo katika orodha hiyo.

Haiwezi kusemwa kwamba mwandishi yule hakuwataja Waafrika kwa majina. Wabeba bunduki wa Kermit wanatajwa, Juma Yohari na Kassitura, na tabia zao zinaelezwa kwa upendo wa aina fulani, ule upendo ambao haumzuii mwenye kuutoa kujiona mkubwa. Mstari unaotenganisha wenye majina na wasio na majina unapita mahali mahsusi: aliyesimama karibu na bunduki ana jina, aliyebeba mzigo ni sehemu ya msafara. Hata hivyo mpagazi hakuwa hana jina. Msafara uliandaliwa na kampuni ya Newland, Tarlton ya Nairobi, na ujira haulipwi kwa msafara bali kwa mtu, naye huitwa kwa jina ili aje aupokee. Kutokuwa na jina ni hali ya kitabu, wala haikuwa hali ya mtu mwenyewe. Tofauti hii ni ndogo kwa kuitamka, lakini mhariri asipoizingatia atamwandika mtu huyo "asiyejulikana", kana kwamba hakujulikana hata na mama yake.

Tena, wapagazi wale hawakuwa mabubu. Roosevelt mwenyewe anasimulia kwamba walimpa lakabu ya "Bwana Makuba" na mwanawe wakamwita "Bwana Merodadi". Msomaji wa Kiswahili hahitaji msaada: ni Bwana Mkubwa na Bwana Maridadi. Mwandishi aliyapokea majina hayo kama heshima, na pengine yalikuwa heshima. Lakini anayeijua lugha anajua jinsi neno "maridadi" linavyoweza kutamkwa kwa kijana wa miaka 19 anayekimbia nyikani mbele ya watu waliolemewa na mizigo, na jinsi sifa na dhihaka zinavyoweza kuishi katika neno moja bila kugombana. Hapa wasiotajwa ndio wanaotaja. Sauti yao imo ndani ya kitabu cha Kiingereza, katika tahajia iliyopotoka, ikisubiri msomaji mwenye sikio. Hili ni la kukumbukwa, kwa kuwa mjadala wa picha za kikoloni mara nyingi huwachukulia waliomo kuwa watu waliotendwa tu.

Hatima ya mali ya McMillan nayo ina funzo. Alifariki mwaka 1925 akazikwa kwenye miteremko ya Ol Donyo Sabuk, mlima uonekanao kutoka Thika. Kwa kumbukumbu yake ikajengwa Nairobi maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 na kuwekewa sheria yake mahsusi mwaka 1938. Hadi mwaka 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya robo karne mkazi wa Ruiru ambaye babake alipigwa picha katika mashamba ya mwenye jina lile hangeweza kuingia katika jengo lile kuitafuta. Baraza la jiji liliichukua mwaka 1962, na tangu 2018 shirika la Book Bunk limekuwa likishirikiana na serikali ya kaunti kuikarabati na kuzifanya kumbukumbu zake zipatikane kidijitali. Lakini milango ikishafunguliwa, lililo gumu zaidi bado lipo: kilichomo ndani ni cha nani?

Sheria ina jibu, na ni jibu jepesi. Roosevelt alikufa mwaka 1919 na Kermit mwaka 1943. Hakimiliki za kazi zao zimekwisha, na yeyote anaweza kuzichapisha. Hakimiliki, hata hivyo, ni haki ya aliyeishika kamera. Aliyesimama mbele yake hakuwa nayo hata siku moja, kwa hiyo hakuna siku ambayo haki yake inaweza kusemwa kuwa imekwisha.

Wapo wanaoshikilia kwamba picha kama hizo zisichapishwe kabisa. Hoja yao inategemea dhana ya stara, na stara si jambo la kubezwa katika utamaduni wa Waswahili na wa jirani zao. Mtu aliyepigwa picha akiwa uchi, amechoka au ameamrishwa asimame, haongezewi heshima kwa kuchapishwa mara ya pili kwenye karatasi inayong'aa. Hata wenye kalamu waliijua thamani ya stara: Elspeth Huxley, alipoandika The Flame Trees of Thika (1959), aliwapa wazazi wake, Nellie na Jos Grant, majina ya Tilly na Robin. Anayeandika anaweza kujigawia sitara. Anayeandikwa hungoja agawiwe.

Pamoja na uzito wake, hoja hii haitoshi. Picha isiyochapishwa haitoweki. Hubaki mikononi mwa wenye uwezo wa kuifikia. Mkusanyiko wa Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika ya Mashariki za kati ya 1860 na 1960, uko katika Chuo Kikuu cha Northwestern karibu na Chicago tangu mwaka 2002. Umewekwa katika mtandao, ni kweli, lakini mtandao huo hutafutwa kwa maneno ya Kiingereza na kwa majina ya wenye albamu. Kumsitiri babu kwa namna ambayo mjukuu ndiye pekee asiyemwona ni stara ya ajabu.

Tatizo, basi, haliko katika kuonyesha wala katika kuficha. Liko katika nani anashiriki kuitunga picha. Mfano mzuri unapatikana si mbali na Thika, kwa mtu ambaye baadaye makazi yake yalikuwa Gatundu. Jomo Kenyatta alipochapisha Facing Mount Kenya mwaka 1938, kitabu kilitoka na picha yake akiwa amevaa ngozi na akijaribu ncha ya mkuki kwa kidole. Picha ilipigwa Uingereza, ambako alikuwa akisomea anthropolojia chini ya Malinowski, na hayo hayakuwa mavazi yake ya darasani. Ni picha ya kuigiza. Hata hivyo hakuna anayeweza kusema kwamba ilimdhulumu, kwa kuwa aliyeigiza ndiye aliyeamua kuigiza, akachagua na jina la kuandika chini yake. Kwa upande mwingine, picha ya mpagazi wa mwaka 1909 inaweza kuwa ya kweli kwa kila hali, mzigo wa kweli na jasho la kweli, na bado ikawa na dhuluma ndani yake. Ukweli wa picha na uadilifu wake ni mambo mawili, na vitabu vingi vya historia vinayachanganya.

Kiswahili kina neno linaloweza kumwongoza mhariri, nalo ni amana. Amana si zawadi wala si mali iliyotelekezwa. Ni kitu cha mtu kilichowekwa kwa mwingine, na mwenyewe, au mrithi wake, anaweza kubisha hodi wakati wowote. Maktaba ikitazamwa hivyo, maelezo ya chini ya picha hubadilika. Mhariri hawezi kuyanakili maelezo ya zamani yaliyotaja kabila na kazi kisha akajitetea kwamba ameheshimu chanzo, maana kuyachapisha upya ni kuyasema upya. Hawezi pia kubuni jina. Wala hafai kumpachika mpagazi cheo cha "shujaa asiyejulikana", upuuzi ambao umeanza kuenea na ambao humfuta mtu kwa kumsifu. Anachoweza ni kuandika kinachojulikana na kisichoandikwa: nani alipiga, mwaka gani, shamba la nani, kampuni gani ililipa ujira, na kwamba aliyepiga hakuandika jina la aliyepigwa. Kisha, kabla ya kuipeleka kazi kwa mpiga chapa, aichukue Juja, Ruiru na Thika, akae na wazee, awaulize. Huenda wasimtambue mtu. Karne imepita, na mashamba ya kahawa na katani yalichanganya watu waliotoka mbali. Lakini wanaweza kutambua kilima, aina ya kikapu, namna ya kufunga ukanda wa mzigo kipajini, na kila kimoja kati ya hivyo kina jina katika lugha zao hata kama hakikupata jina katika kitabu.

Kazi hii ni ya polepole na haina faida kwa mchapishaji. Kwa sasa, sanduku la vitabu lililopita nyika za Juja liko Harvard, likiwa limeorodheshwa kitabu kwa kitabu na kila mtunzi akiwa na jina lake. Mahali pa aliyelibeba katika orodha hiyo bado pako wazi, na hakuna aliyeandika hata kwamba pako wazi.